Leseni Moja, Domeni Ngapi? Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Tovuti na Wenye Biashara wa Mwanza

Saa moja na nusu asubuhi simu yangu iliita. Alikuwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Tovuti yake nimeitengeneza mimi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Mwanangu, wateja wa Bukavu wanasema ukijaza oda bei haitoki. Jana ulikuwa unafanya nini humo?"

Jana yake nilikuwa nimemfungulia sabdomeni, yaani tawi la domeni (jina la tovuti yake), kwa ajili ya wanunuzi wa jumla. Nilisimika WordPress mpya, ile programu ya kuendeshea tovuti, nikaweka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ileile inayokokotoa nauli ya mzigo kwa uzito na umbali, nikabandika ufunguo uleule wa leseni. Ikakubali palepale, nikafunga kompyuta, nikalala. Kumbe leseni ile ilikuwa ya tovuti moja tu. Nafasi hiyo moja ilihama kutoka domeni kuu kwenda sabdomeni, na usiku, domeni kuu ilipopiga hodi kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni) ya muuzaji kama inavyofanya kila siku, ikajibiwa kwamba haina leseni. Ukokotoaji ukajifunga. Nilipofika Mwaloni magunia yalikuwa yameshashonwa midomo, na dereva wa lori anazunguka akiuliza anapakia au hapakii.

Tulirekebisha ndani ya saa moja. Mama yule hakuwa na kosa, na muuzaji wa plagini hakuwa na kosa. Masharti yalikuwa yameandikwa, mimi sikuyasoma. Tangu siku hiyo sifungui sabdomeni ya mtu kabla ya kupita hatua zilizo hapa chini. Nimeziandika kwa mafundi wenzangu, na pia kwa mwenye biashara anayetaka kujua fundi wake anafanya nini na pesa yake.

Hatua ya 1: Lisome jina kutoka kulia

Kwenye karatasi za usajili utakuta neno "kikoa". Mtaani sisi tunasema domeni, na tawi lake tunaliita sabdomeni, basi nitaendelea hivyohivyo.

Chukua anwani oda.mfano.co.tz. Mashine huisoma kutoka kulia kwenda kushoto. tz ni Tanzania. co ni kundi la kibiashara lililo chini ya tz, kama vile or lilivyo la taasisi zisizo za faida, ac la vyuo, sc la shule na go la serikali. mfano ndilo jina ulilosajili na unalolilipia kila mwaka. oda ni tawi ulilochipusha mwenyewe bila kumlipa msajili hata senti.

Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Kwa kuwa sabdomeni haina gharama ya usajili, tunadhani na leseni za programu zitaifuata bure. Msajili wa domeni na muuzaji wa programu ni watu wawili wasiojuana, na kila mmoja ana hesabu yake.

Kuna mambo mawili madogo ya kukumbuka. Kwanza, www.mfano.co.tz kwa upande wa DNS, yaani mfumo unaoelekeza majina kwenye seva, ni sabdomeni kama nyingine. Mifumo mingi ya leseni huiondoa www kabla ya kulinganisha majina, lakini si yote. Pili, mfano.co.tz/oda si sabdomeni. Hiyo ni saraka, yaani chumba ndani ya nyumba ileile, na tofauti hiyo itatuokolea pesa huko mbele.

Sasa kuna tatizo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki hasa. Mtengeneza programu aliyezoea majina yanayoishia na .com huandika kanuni rahisi: chukua vipande viwili vya mwisho, hiyo ndiyo domeni kuu. Kwa duka.mfano.com anapata mfano.com, sawa kabisa. Kwa duka.mfano.co.tz anapata co.tz! Matokeo yake, mfumo wake unaiona domeni yako kuu uliyoilipia kuwa ni sabdomeni ya mtu mwingine, na unakutaka ununue leseni ya juu. Au unaiandika leseni yako kwa jina la co.tz, ambalo ni la Watanzania wote wenye biashara. Wa Kenya wenye co.ke na wa Uganda wenye co.ug wanapata shida hiyohiyo.

Dawa yake ipo. Kuna orodha ya wazi iitwayo Public Suffix List, iliyoanzishwa na Mozilla, ambamo co.tz, or.tz, ac.tz na wenzake wameorodheshwa kuwa ni viishio vya umma na si majina ya mtu. Mtengeneza programu akiitumia, hesabu yake inakaa sawa. Kwa hiyo kila unapowasha leseni, ingia kwenye akaunti yako kwa muuzaji uangalie jina gani limeandikwa. Ukikuta co.tz peke yake, mwandikie siku hiyohiyo na umtajie orodha hiyo. Usingoje imkute mteja.

Hatua ya 2: Jua leseni yako inahesabu nini

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote. Neno "tovuti moja" kwenye tangazo la muuzaji halitoshi, kwa sababu kila muuzaji ana kipimo chake cha tovuti.

Wapo wanaohesabu jina kamili. Kwao mfano.co.tz ni moja, oda.mfano.co.tz ni ya pili, duka.mfano.co.tz ni ya tatu. Plagini nyingi za WordPress zinazouzwa kwa nafasi, tuseme nafasi 1, 3 au 25, hufuata mtindo huu. Wapo wanaohesabu domeni pamoja na matawi yake yote. Hao ni waungwana kwetu, ila lazima sentensi hiyo uione imeandikwa. Usibahatishe.

Wapo wanaohesabu usimikaji, yaani nakala ya programu iliyowekwa kwenye seva. Mfano mzuri ni WHMCS, programu ya ankara inayotumiwa na wanaouza nafasi za seva. Leseni yake hushikilia vitu vitatu kwa pamoja: domeni, namba ya IP ya seva (anwani yake kwenye mtandao), na saraka ilimosimikwa. Ukihamisha kutoka mfano.co.tz/ankara kwenda ankara.mfano.co.tz, umebadilisha jina na saraka pia, na leseni itakataa mpaka uingie kwenye akaunti yako na kuomba itolewe upya. Nimewaona vijana wakisimika mara tatu wakidhani faili zimeharibika, kumbe ni kubofya kitufe kimoja tu.

cPanel, programu ya kusimamia akaunti za seva, haijali majina. Leseni yake imefungwa kwenye IP ya seva, na tangu mwaka 2019 bei inapangwa kwa idadi ya akaunti zilizo ndani. Sabdomeni 10 ndani ya akaunti moja hazikuongezei chochote. Lakini ukimfungulia kila mteja akaunti yake, kama inavyofaa kiusalama, hesabu inapanda.

Halafu kuna soko la Envato, yaani ThemeForest na CodeCanyon, ambako mafundi wengi hapa mjini tunanunua thimu (sura ya tovuti) na skripti (programu za kuweka kwenye tovuti). Kipimo chao ni kazi moja iliyokamilika, iwe na jina lolote. Leseni ya kawaida inakuruhusu kuitengenezea kazi hiyo mteja mmoja na kumkabidhi, mradi watumiaji wa mwisho hawatozwi ili kuitumia. Wakitozwa, unahitaji leseni pana. Hapa watu huchanganya: duka linalouza sato na sangara mtandaoni halihitaji leseni pana, kwa sababu mteja analipia samaki, halipii kuingia kwenye tovuti. Mwalimu wa Nyegezi anayetoza wanafunzi kwa mwezi ili wafungue masomo yaliyo ndani ya tovuti, huyo anaihitaji. Na ukichukua thimu uliyonunulia tovuti ya kampuni, ukaiweka kwenye sabdomeni inayobeba biashara nyingine, hiyo ni kazi ya pili. Nunua ya pili.

Fonti nazo zina leseni, jambo linalosahaulika kila mara. Fonti za kulipia za mtandaoni mara nyingi hupimwa kwa domeni au kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa kwa mwezi. Mimi kwa biashara ndogo natumia zile zenye leseni ya SIL Open Font License, unaziweka kwenye seva yako na unazitumia kwenye matawi yote bila kumwomba mtu.

Bado kuna programu huria. WordPress yenyewe ina leseni huria ya GPL toleo la 2 au la baadaye, Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni, ina GPL toleo la 3 au la baadaye. Hizi unasimika kwenye domeni 1 au 100, hakuna anayehesabu. Plagini nyingi za kulipia za WordPress nazo ziko chini ya GPL. Kisheria msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, unaweza kuuweka popote. Unachokilipia ni ufunguo, na ufunguo unakupa masasisho na msaada kwa idadi fulani ya tovuti. Kwa hiyo ukiiweka kwenye sabdomeni bila ufunguo mara nyingi itafanya kazi, ila haitasasishwa. Tundu la usalama likigundulika, sabdomeni hiyo itabaki wazi wakati domeni kuu imeshazibwa, na mara nyingi zote mbili ziko kwenye akaunti moja ya seva. Mwizi akiingia kwa mlango wa uani, sebuleni anafika.

Isichanganywe GPL na AGPL. Toleo la 3 la AGPL, la mwaka 2007, linasema kwamba ukiibadilisha programu na kuwaruhusu watu waitumie kupitia mtandao, lazima uwape watumiaji hao njia ya kupata msimbo ulioubadilisha. Nextcloud, programu ya kuhifadhi faili, ni mojawapo ya programu zenye leseni hiyo. Ukiiweka kwenye faili.mfano.co.tz kama ilivyo, huna shida. Ukiihariri kwa ajili ya mteja, liweke hilo kwenye mkataba wenu mapema.

Hatua ya 3: Muulize muuzaji kabla hujalipa

Soma ukurasa wa masharti, si ukurasa wa bei. Kama majibu haya hayapo, mwandikie barua pepe fupi:

Je, sabdomeni inahesabiwa peke yake? Je, www na jina lisilo na www ni kitu kimoja? Je, nakala ya majaribio inakula nafasi, na mnaitambuaje? Nikibadilisha domeni, naachia nafasi mwenyewe au naomba kwenu, na ni mara ngapi kwa mwaka? Leseni ikiisha muda, programu inaendelea kufanya kazi bila masasisho, au inasimama?

Hilo la mwisho kwangu ni zito kuliko mengine. Programu inayosimama siku ya mwisho wa leseni siiweki kwenye kitu kinachopokea oda au malipo, hata iwe nzuri vipi, mpaka mwenye biashara ameelewa na amekubali. Jibu la muuzaji lihifadhi. Barua pepe ya mistari miwili iliwahi kunisaidia mwaka mzima baadaye, muuzaji alipobadilisha ukurasa wake wa masharti.

Hatua ya 4: Fungua daftari la leseni

Daftari la karatasi au jedwali la kompyuta, vyote sawa. Mistari ya programu moja kwenye daftari la yule mama inasomeka hivi:

Programu: plagini ya nauli ya mzigo
Inahesabu: jina kamili, www haihesabiwi
Nafasi: 1, iliyotumika: 1
Imewashwa wapi: mfano.co.tz
Akaunti kwa muuzaji: barua pepe ya mama mwenyewe
Ufunguo: herufi nne za mwisho tu
Inaisha: 14 Machi
Ikiisha: ukokotoaji unasimama
Anayelipa: mama, kwa kadi yake

Ufunguo mzima usiuandike humo. Daftari hupita mikono mingi, na ufunguo ukivuja nafasi yako inaweza kuliwa na mtu usiyemjua.

Hatua ya 5: Jenga pa majaribio pasipokula nafasi

Ukijaribu mambo kwenye kompyuta yako, tumia jina linaloishia na .test, kwa mfano mfano.test, au localhost. Majina haya yalitengwa rasmi tangu mwaka 1999 ili yasiuzwe kwa mtu yeyote kwenye intaneti, na ndiyo maana wauzaji wengi wa leseni huyaruka wanapohesabu.

Kwenye seva ni habari nyingine. Mifumo mingi ina orodha ya maneno inayoyatambua mwanzoni mwa sabdomeni kuwa ni ya majaribio, kama dev na staging. Maneno hayo ni ya Kiingereza. Ukifungua majaribio.mfano.co.tz, jina zuri na la kueleweka kwa mteja wako, mfumo hauna habari na neno "majaribio", utaihesabu kuwa tovuti kamili na kula nafasi. Napenda lugha yetu, na matawi yote ambayo wateja wanayaona nayapa majina ya Kiswahili. Lakini tawi la majaribio naliita staging.mfano.co.tz, nalifunga kwa nywila, na nafasi za mteja zinabaki salama.

Mtego mkubwa zaidi ni kunakili. Unapochukua nakala ya tovuti hai na kuipeleka kwenye tawi la majaribio, hifadhidata inabeba kila kitu, ufunguo wa leseni ukiwemo. Nakala ikiamka mahali papya inaweza kujiwasha yenyewe kwa muuzaji. Halafu wewe, kwa nia njema, unabofya "zima leseni" kwenye nakala, na baadhi ya plagini, kwa sababu zimebeba kitambulisho kilekile cha domeni kuu, huizima domeni kuu badala ya nakala. Kwa hiyo mimi huzima plagini husika kwenye nakala kabla sijaingia dashibodi yake mara ya kwanza. Jina la folda ya plagini likibadilishwa kupitia kidhibiti cha faili, WordPress haitaipata na itaizima.

Wauzaji makini wameliwazia jambo hili. WooCommerce Subscriptions, ambayo hukata malipo ya wateja kila kipindi, huitazama anwani ya tovuti. Ikiona imebadilika, inasimamisha malipo ya kujiendesha na kukuuliza kama umehama au hii ni nakala tu. Bila hivyo mteja mmoja angekatwa mara mbili. Ukiliona swali hilo, lisome taratibu kabla ya kubofya.

Na anwani ya muda unayopewa na mwenye seva kabla DNS haijahamishwa? Usiwashe leseni yoyote hapo. Ngoja mpaka domeni halisi ielekee kwenye seva mpya. Nafasi nyingi zilizopotea nilizowahi kuzikuta zilikuwa zimekwama kwenye anwani za muda ambazo hazipo tena.

Hatua ya 6: Amua: sabdomeni, saraka, au mtandao wa tovuti

Mteja akisema "nataka sehemu ya jumla" hajasema anataka sabdomeni. Sisi mafundi ndio tunaoikimbilia. Jiulize kama sehemu hiyo inahitaji usimikaji wa pili kweli. Kama bidhaa ni zilezile, wafanyakazi walewale, na tofauti ni bei tu, ukurasa wa mfano.co.tz/jumla ndani ya usimikaji uleule unatosha: anayeingia na akaunti ya mnunuzi wa jumla anaona bei yake. Hakuna leseni ya pili. Hivyo ndivyo tulivyomaliza kwa mama wa Mwaloni, na kazi ile ningeianza hivyo tangu mwanzo kama ningeuliza.

Angalia, lakini: ukisimika WordPress ya pili ndani ya saraka hiyo, umefungua nyumba nyingine ndani ya chumba. Anayehesabu majina huenda asiione. Anayehesabu usimikaji ataiona.

Sabdomeni inafaa pale programu zenyewe zinapotofautiana. Shule yenye tovuti ya WordPress na masomo ya Moodle, tenganisha: elimu.mfano.sc.tz kwa Moodle. Zote mbili ni huria, leseni hazigongani, na Moodle ikielemewa wakati wa mitihani unaweza kuihamishia seva yake bila kugusa tovuti kuu.

Njia ya tatu ni mtandao wa tovuti ndani ya WordPress moja, uwezo ulioingia toleo la 3.0 mwaka 2010. Inawavutia wenye matawi, tuseme duka lenye ofisi Mwanza mjini, Sengerema na Nansio. Kabla hujaijenga rudi hatua ya 3, kwa sababu wapo wauzaji wanaouhesabu mtandao mzima kuwa usimikaji mmoja na wapo wanaohesabu kila tawi. Kwa matawi matatu tofauti ni ndogo. Kwa matawi 40 mradi unaweza kufa.

Ukishaamua sabdomeni, kuna vitu viwili vinavyosahaulika kwa sababu si leseni, ingawa vinafungwa kwa jina vilevile. Cheti cha usalama cha *.mfano.co.tz kinafunika oda.mfano.co.tz, lakini hakifuniki mfano.co.tz yenyewe wala bei.oda.mfano.co.tz, nyota inasimama badala ya kipande kimoja tu. Let's Encrypt hutoa cheti cha namna hiyo bure tangu 2018, kwa sharti la kuthibitisha kupitia DNS. Na ufunguo wa Google Maps uliouwekea mipaka ya anwani utakataa sabdomeni mpya mpaka uongeze *.mfano.co.tz/* kwenye orodha, pamoja na mfano.co.tz/* yenyewe.

Hatua ya 7: Ukihama domeni, fuata mpangilio huu

Tuseme mteja anahama kutoka mfano.com kwenda mfano.co.tz.

Anza kwa kuzima leseni zote kwenye domeni ya zamani wakati bado iko hai, moja baada ya nyingine, ukitia alama kwenye daftari. Chukua nakala rudufu ya faili na hifadhidata baada ya kuzima, si kabla, la sivyo utarudisha funguo zilezile. Kisha hamisha, badilisha anwani, hakikisha tovuti inafunguka kwa jina jipya na cheti kinasoma, ndipo uwashe leseni.

Kubadilisha anwani ndani ya hifadhidata kusifanywe kwa tafuta-na-badilisha ya kawaida. WordPress huhifadhi mipangilio mingi ikiwa na urefu wa maandishi umeandikwa pembeni. mfano.com ina herufi na nukta 9, mfano.co.tz ina 11. Ukibadilisha maandishi bila kubadilisha namba ya urefu, mpangilio wote unasomeka kama umeharibika, na mipangilio ya leseni mara nyingi inaangukia humo. Tumia amri ya wp search-replace ya WP-CLI (zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika), ambayo hurekebisha na urefu, na uianze na --dry-run ili uone itagusa nini kabla haijagusa.

Kama seva ya zamani imeshakufa na huwezi kuzima leseni kutoka ndani, ingia kwenye akaunti kwa muuzaji na uiondoe domeni ya zamani huko. Ndiyo maana akaunti hiyo isiwe na barua pepe ya domeni unayoihama. Nimeshamsaidia mtu aliyefungiwa nje kwa namna hiyo: kiungo cha kubadilisha nywila kilikwenda kwenye sanduku la barua la domeni ambayo haipo.

Hatua ya 8: Leseni ikigoma

Usianze kwa kununua nyingine. Linganisha kwanza anwani iliyo kwenye mipangilio ya WordPress na ile iliyo kwa muuzaji, herufi kwa herufi: www, http badala ya https, mkwaju (/) mwishoni. Kisha jaribu kama seva yako inaweza kutoka nje. Leseni hukaguliwa kwa seva yako kuifikia seva ya muuzaji, na kuna seva za bei nafuu ambazo ukuta wao wa moto (kinga ya seva) unazuia miito ya kutoka. Saa ya seva ikiwa imekosea sana, cheti cha muuzaji kitaonekana hakifai na mwito utakufa hapohapo. Ukishaondoa hayo, toa na urudishe ufunguo mara moja, si mara kumi. Mifumo mingine ikiona miito mingi inakufungia kwa muda.

Hatua ya 9: Leseni iwe mali ya mwenye tovuti

Hapa nazungumza na mafundi wenzangu wa mjini, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi. Tuna desturi ya kununua leseni moja kubwa na kuigawa kwa wateja wote. Baadhi ya leseni zinaruhusu jambo hilo waziwazi, nyingine zinalikataza. Hata pale linaporuhusiwa, mwambie mteja. Mteja anayedhani amenunua, kumbe amekodishiwa, siku fundi akihamia Dar es Salaam na kuacha kulipa, tovuti yake inabaki bila masasisho na hajui hata jina la muuzaji. Kwangu hiyo si haki kwa mtu aliyetutolea pesa ya magunia yake.

Na kuhusu zile plagini "zilizofunguliwa", yaani za kulipia zilizoondolewa kufuli la leseni, zinazogawiwa kwenye magrupu: usimwekee mtu. Kirusi cha WP-VCD, ambacho wataalamu wa usalama wa Wordfence walikifafanua mwaka 2019, kilisambaa hasa kupitia thimu na plagini za namna hiyo, na kikishaingia kinatafuta tovuti nyingine ndani ya akaunti ileile ya seva. Sabdomeni zote zinaambukizwa pamoja. Kwa programu zisizo huria kuna na upande wa sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na tovuti iliyosajiliwa kwa jina la biashara inaonyesha moja kwa moja nani wa kuulizwa.

Siku ya makabidhiano kaa na mteja, afungue akaunti kwa muuzaji kwa barua pepe yake, aandike nywila mwenyewe wewe ukiangalia pembeni, na kadi iwe yake. Siku 30 kabla ya leseni kuisha mkumbushe, kwa sababu bei ziko kwa dola na kadi isiyo na salio la kutosha hukataliwa usiku wa manane bila mtu kujua.

Mama wa Mwaloni nilimpelekea daftari lake jioni, jua likizama nyuma ya mitumbwi. Alipitisha kidole kwenye kila mstari, akasimama kwenye 14 Machi, akaniuliza analipia wapi. Nikamwonyesha kwenye simu yake. Akachukua kalamu, akaiandika tarehe ile kwenye daftari lake la magunia, ukurasa wa madeni ya kulipa.